Mikanda Mitatu Ndani ya Plastiki

Habari ya kufa kwa Bwana Athumani niliipata asubuhi, nikikanda unga wa mahamri jikoni kwangu Ukunda. Simu ililia mara tatu mfululizo katika kundi letu la mafundi wa stima. Innalillahi. Mzee wetu ametangulia. Mkandarasi mwema, mtu wa msikitini, mtu wa watu. Mmoja ambaye hata hakumkuta marehemu kazini aliandika kwamba tumepoteza mwalimu. Nilifuta unga mikononi, nikazisoma jumbe zote mpaka wa mwisho, nikarudi kukanda. Sitajitia huzuni ambayo sikuwa nayo. Nilimchukia mtu yule kwa miaka ishirini na saba, na nilimchukia kwa bidii. Nilijua alipouza pikapu yake, nilijua alipohamia nyumba ya kupanga, nilijua mwezi alioanza kutembea na bakora. Kila ngazi aliyoshuka nilikuwa nimeshaambiwa kabla ya jua kuzama. Shehe mmoja aliwahi kuniambia kwamba chuki inamdhoofisha mwenye nayo, nikamjibu kwamba mimi imeninenepesha. Mahamri yale yaliumuka vizuri kuliko ya wiki nzima. Nilifunga kumi katika mfuko, nikavaa buibui, nikaondoka kwenda Msambweni kumpelekea Hamisi habari njema. Lakini ili ijulikane kwa nini niliiita njema, ni lazima nianze na mwaka wenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Wazazi na ukoo nitawaacha walipo, hawahusiki. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha kutandaza waya, mwanamke peke yangu darasani, na mkandarasi wa kwanza kunipa kazi alikuwa Bwana Athumani. Hilo simnyimi. Wengine walinitazama kuanzia buibui mpaka viatu, wakaniambia nirudi mwezi ujao. Yeye alinivutia kiti, akaniagizia soda, akaniita mwanangu. Kisha akaniambia kwamba juu sitapanda, maana mwanamke juu ya ngazi ni fitina kwa walio chini, lakini kwa kuwa nina mwandiko mzuri atanikabidhi stoo. Alinipa ufunguo mmoja. Niliutia kamba nikauvaa shingoni, na kwa mwaka mzima niliuvua wakati wa kuoga tu. Siku zile niliona fahari. Hakuna kitu kilichoingia wala kutoka katika saiti ile bila kupita mkononi mwangu, na wanaume walionizidi umri walisimama mlangoni wakisema, "Siti, tafadhali, nipatie roli moja ya waya."

Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya hoteli iliyokuwa ikijengwa ufukweni Diani, hoteli ambayo jina lake halina faida hapa. Ilinuka gundi ya paipu na plastiki mpya, na kufika saa sita mchana mabati yalikuwa hayagusiki. Upande mmoja marobota ya waya, upande wa pili masanduku ya feni na swichi, na mbele ya meza yangu, ukutani, misumari mitatu iliyotundikwa mikanda mitatu. Si mikanda ya suruali. Ilikuwa ile ya kujifunga mtu anayefanya kazi juu, inayopita mabegani na mapajani, yenye kamba mgongoni na kulabu kubwa ya chuma ya kushika kwenye boriti, ili ukiteleza uning'inie badala ya kufika chini. Ilikuwa rangi ya machungwa, mizuri sana, na ilikuwa bado ndani ya plastiki iliyotoka nayo dukani. Siku ya kwanza Bwana Athumani alinionyesha kwa kidole, mmoja mmoja. "Hii haitoki mpaka niseme mimi," alisema. "Hata akija nani." Nilidhani anaogopa wezi.

Haikupita muda nikajua anaogopa nini. Kuta za mabati hazifichi maneno, na siku moja nilimsikia nje akizungumza na dereva wake, meneja wa hoteli akiwa ndiyo kwanza ametoka kukagua stoo na kuisifia. Dereva aliuliza mbona mikanda haivaliwi. Bwana Athumani akacheka. "Ile ndiyo inayoniombea kazi," alisema. "Mzungu akiingia akaiona inang'aa, anatia sahihi. Ikishachafuka, kesho nitamwonyesha nini?" Dereva akacheka naye. Mimi nilikuwa ndani nahesabu swichi, na nakiri nilitabasamu, maana niliona ni ujanja wa mjini na mimi nimo ndani yake.

Chakula cha mchana tulikula pamoja, kwenye kivuli cha stoo, tumekalia mbao. Mama mmoja wa Mwabungo alituletea wali wa nazi na mchuzi wa papa, au mbaazi siku ambazo bahari haikutoa kitu. Tulikuwa kumi na wanne, na karibu wote walikuwa watoto wa pwani hii hii, watoto wa wakwezi. Mkwezi ni mtu anayeishi kwa kupanda minazi ya watu na kuangua nazi, na mkwezi hajifungi kamba. Anapanda kwa nyayo na mikono, panga kiunoni, na watoto wake wanajifunza hivyo hivyo kabla ya kujua kusoma. Bwana Athumani aliijua fahari hiyo na akaitumia kama mtu anavyotumia jembe la jirani. Akija wakati wa kula alisimama juu yetu akichokoa meno. "Babake Hamisi huyu amepanda minazi tangu hajaota ndevu," angesema. "Nani amewahi kumwona na kamba? Nyinyi Mungu amewapa miguu yenye macho." Watu wangecheka, na Hamisi angecheka kuliko wote. Mutua peke yake, aliyetoka Kitui, ndiye aliyethubutu. "Bosi, kwetu hakuna minazi," alisema siku moja. "Mimi nipewe tu hiyo belti." Walimwita mbuzi wa kamba kwa wiki nzima. Kila alipopita walilia kama mbuzi, na mimi nililia nao. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena, na sasa nikikumbuka vicheko vile naona kwamba Bwana Athumani hakuhitaji kumkataza mtu yeyote. Tulikatazana wenyewe.

Hamisi alikuwa fundi bora kuliko wote saitini. Alinizidi miaka miwili, alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu, na alikuwa ndiye mtu pekee aliyenifundisha kazi badala ya kunituma tu. Wakati wa chakula alichora kwenye mchanga jinsi ya kugawa laini za jengo kubwa, akafuta, akaniambia nichore mimi. Alipanga chumba nyuma ya Kona ya Musa, mlango wa tatu kutoka kwangu, na jioni tuliwahi kula mihogo pamoja barazani, milango yote ikiwa wazi ili watu wasiseme. Watu walisema. Wala sikuchukia waliposema. Hilo ndilo ninaloweza kuandika juu ya jambo hilo, maana yaliyobaki hayakupata nafasi ya kutokea.

Ukumbi wa kulia wa hoteli ile ulikuwa na paa la makuti la urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, na feni zilitakiwa zining'inie kutoka kwenye boriti za juu kabisa. Wiki ile wajenzi walikuwa wamezipaka boriti zote oili chafu ya magari ili mchwa wasizile. Asubuhi Hamisi alikuja stoo kuchukua feni ya kwanza. Alikuwa amekunywa chai, mkononi bado ana kipande cha hamri, na alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida. "Siti, nitolee mkanda mmoja leo," alisema, kwa sauti ya chini ili walio nje wasimsikie. "Zile boriti zimepakwa oili, hazishikiki." Nilimwambia Bwana Athumani amekataza. Akasema ataurudisha kabla hajaja. Nikamwambia plastiki ikipasuliwa ataona, na akiona kazi yangu imekwisha. Na kwa kuwa alikuwa bado amesimama, na kwa kuwa nilikuwa naona haya kumkatalia, nilitia utani. Nilimwambia, "Mtoto wa mkwezi atafungwa kamba? Nitakuita mbuzi mimi." Akatabasamu. Akachukua feni akaenda. Nililazimika kusema vile; ningefanya nini, amri ilikuwa ya Bwana Athumani, na mikanda ilikuwa ya Bwana Athumani, na roho ya tamaa ilikuwa ya Bwana Athumani. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka yote.

Haikufika saa nne. Nilisikia plaisi, koleo lake la kukatia waya, ikigonga sakafu ya ukumbi, nikafikiri, ameangusha plaisi, sasa ataniita. Kisha nikasikia kishindo cha pili, nikakimbia. Nilipofika wenzake walikuwa wamemzunguka bila kumgusa. Alikuwa amefumbua macho. Aliniambia, taratibu kabisa, kwamba haisikii miguu yake, kama mtu anayeulizia viatu alivyoviweka mlangoni. Tulimlaza juu ya ubao wa kupigia plasta tukampakia nyuma ya pikapu, na Mutua alikaa naye njia nzima mpaka hospitali, akimshikilia kichwa. Hamisi hakufa. Alivunjika uti wa mgongo na hakusimama tena.

Siku ile ile, baada ya sala ya alasiri, Bwana Athumani aliingia stoo akafunga mlango. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani alikuwa amelia kweli, na mpaka leo hilo linaniudhi zaidi. Alishusha mkanda mmoja ukutani, akapasua plastiki kwa kisu changu cha kukatia waya, akautupa chini akausugua kwa kiatu kwenye uchafu na mabaki ya oili, kisha akautundika tena. "Mwanangu," alisema, "Hamisi Mungu atampa afya. Lakini kuna watu kumi na wanne wanaokula kwa kazi hii, na wewe ni mmoja wao. Andika kwenye daftari kwamba leo asubuhi alipewa mkanda, akaurudisha, akasema hauhitaji." Nilimwambia sivyo ilivyokuwa. Akasema, "Najua sivyo. Andika." Niliandika, kwa ule mwandiko mzuri ulionipa kazi. Alisubiri wino ukauke, akafunga daftari, akaniambia niende nyumbani nipumzike.

Afisa wa kazi alikuja kutoka Kwale siku chache baadaye, mama mmoja mwenye miwani na viatu vya ngozi vilivyojaa vumbi. Alisoma daftari, akashika mkanda uliochafuliwa, akauliza watu kama ni kweli waligawiwa mikanda. Watu waliangalia chini wakasema ndiyo. Akaandika kwamba mfanyakazi alikaidi, akaondoka. Na neno hilo likatoka saitini likaenda mjini. Nililisikia dukani, nililisikia kwa kinyozi nikipita, wanawake walilisema kisimani: Hamisi mkaidi, alipewa mkanda akajifanya nyani. Nilikwenda hospitali na uji wa mchele nikamkuta mamake amekaa chini kando ya kitanda, amejifunika leso mpaka puani. Mama yule aliniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwako. Ni kweli alikaidi?" Hamisi alikuwa ameugeukia ukuta. Nilisema, "Sijui, mama, nilikuwa stoo." Nilitoka nje nikaegemea mti wa mwarobaini, na nilipouacha nilikuwa nimeshaamua kwamba Bwana Athumani atalipa. Sikuwaza lingine. Nilihisi nafuu kubwa, maana sasa nilikuwa na kazi ya kufanya.

Kisasi kinahitaji subira, na mimi stoo ilinifundisha kukaa. Sikuacha kazi. Nilimsalimia Bwana Athumani shikamoo kila asubuhi na akaniitikia marahaba. Nikasubiri. Hoteli ya kwanza ilipomalizika alipata nyingine, kubwa zaidi, upande wa Galu, na tulihamisha stoo na misumari yake mitatu. Mchana wengine walipolala baada ya kula, nilijifungia ndani, nikashusha ule mkanda uliochafuliwa, nikaukunjua mezani pamoja na karatasi ya picha iliyokuja nao. Mara ya kwanza niliuvaa kinyumenyume. Mara ya tatu nilikwama mkono nikahangaika peke yangu nikitoka jasho. Baada ya mwezi niliweza kuuvaa nimefumba macho, juu ya suruali niliyoficha ndani ya buibui, na niliweza kujining'iniza kwenye boriti ya stoo miguu ikiwa hewani. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo ningepaswa kuligundua siku ya kwanza. Mkanda ule ni wa kufundishwa. Mtu asiyewahi kuuvaa hawezi kuuvaa. Na saiti nzima, kuanzia Bwana Athumani mpaka wa mwisho, hakuna aliyewahi.

Afisa yule yule alirudi mwisho wa mwaka, pamoja na mhandisi wa hoteli aliyetaka kuona watu wake watapandaje kabla ya kutia sahihi kazi ya paa. Bwana Athumani alivaa kanzu nyeupe siku ile. Aliitandaza mikanda mitatu juu ya meza, miwili ndani ya plastiki na mmoja mchafu, akasema kwamba katika kampuni yake hakuna anayepanda bila kujifunga, na kwamba ajali moja waliyopata ilitokana na ukaidi wa mtu mmoja, Mungu amsamehe. Kama asingesema hilo la mwisho huenda ningeghairi. Nilisogea mbele nikashika mikono kwa adabu. "Mama," nilimwambia afisa, "Bwana Athumani ndiye mwalimu wetu sote katika mambo haya. Sisi tutakosea. Labda awaonyeshe yeye mwenyewe unavyovaliwa." Mhandisi akasema itakuwa vizuri sana. Bwana Athumani akanitazama. Alicheka kidogo, akasema kanzu haimruhusu. Mhandisi akamwambia hapana haraka, wanaweza kusubiri abadilishe.

Alivaa suruali ya Mutua. Alichukua mkanda mchafu akaugeuza, akaugeuza tena, akatia mkono mahali pa paja. Aliutoa, akatia kichwa mahali pa mkono. Kofia ikaanguka. Akainama kuiokota huku kamba imemzunguka shingoni, na hapo Mutua akashindwa, akacheka, na wengine wakafuata. Afisa hakucheka. Alivua miwani akaifuta. "Wewe unayecheka," alimwambia Mutua, "njoo uvae." Mutua hakuweza. Akamwita wa pili, naye hakuweza. Wa tatu akasema waziwazi, "Mama, sisi hatujawahi kuigusa hii." Nikasema, "Nipeni mimi." Nilivua buibui mbele ya wanaume wote wale, nikajifunga kwa muda usiozidi wa kufunga leso, nikapanda ngazi ambayo kwa mwaka mzima nilikatazwa kuikanyaga. Nilifika boriti ya kwanza, nikaishikisha kulabu, nikaachilia mikono. Nikiwa naning'inia pale juu yao nilisema kila kitu. Nilisema daftari niliandika mimi, jioni, Hamisi akiwa ameshafika hospitali. Nilisema mkanda ulipasuliwa kwa kisu changu. Nilisema nani aliusugua kwa kiatu. Bwana Athumani alikuwa amesimama chini yangu, mguu mmoja ndani ya kitanzi, ameinua uso, na nilimwona anazeeka. Nimeolewa baada ya hapo, nimezaa, nimehiji. Sijapata siku tamu kama ile.

Alinyang'anywa leseni. Maandishi ya Kwale yakabadilishwa, Hamisi akapata haki yake, na neno mkaidi likafa polepole. Kwa mtu mwingine hayo yangetosha. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeonja. Nilisomea daraja la juu, nikafungua kampuni, nikachukua wateja wake mmoja mmoja, na kila hoteli niliyoingia nilihakikisha wanajua nani wasimpe kazi. Leo nina mikanda ishirini na yote imechafuka. Miaka kumi iliyopita alikuja saitini kwangu na bakora, akaomba kazi ya ulinzi wa lango. Nilimwacha juani kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri, mimi nikimtazama dirishani nikinywa maji ya madafu, kisha nikatuma mtu amwambie nafasi imejaa. Jumapili iliyofuata nilikwenda Msambweni kumsimulia Hamisi. Nilikwenda kila nilipopata la kusimulia. Nilimpelekea unga na sukari na habari za jinsi adui yake anavyoteremka, na yeye aliendelea kuchomelea nyaya za redio za watu, akisema, "Ehee," na, "Kumbe."

Basi siku ya kifo nilimkuta barazani kwake, ndani ya kiti chake cha magurudumu, meza ya simu mbovu mbele yake. Nilimtolea salamu, nikaweka mahamri mezani, nikamwambia, "Leo nina kubwa. Athumani amekufa."

"Najua," Hamisi alisema. "Mwanawe alinipigia alfajiri."

Niliuliza mwanawe Athumani amemjulia wapi. Akaniambia alikuwa akimleta babake hapa, tangu macho ya mzee yalipopungua. Kabla ya hapo mzee alikuja mwenyewe. Alikuja mara ya kwanza mwaka ule ule alioporwa leseni, akakaa chini, pale nilipokuwa nimekaa mimi, akasema mikanda aliinunua ya kuonyesha na jina la Hamisi alilichafua kwa kusudi, na kwamba hana la kujitetea. "Sikumjibu," Hamisi alisema. "Nilimwacha arudi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Miezi sita. Wa saba nikampa radhi, na hakuacha kuja."

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia hakuwa na haki ya kunificha. Nilimwambia nimeimaliza miaka yangu kwa ajili yake. Nadhani nilisema maneno mengi, maana jirani alichungulia.

"Sikukuficha, hukuuliza," alisema. "Ulikuwa ukija na visa vyako, na ulikuwa unavifurahia. Nikakuacha." Aliweka chini kile chuma chake cha kuchomelea, akakizima. "Siti, mimi mkanda sikumwomba Athumani. Nilikuomba wewe."

Nilisema ningefukuzwa kazi.

"Najua. Ungefukuzwa, nami ningekuwa natembea." Hakuinua sauti hata kidogo. "Athumani hakuwa chochote kwangu, alikuwa tajiri wa kazi tu. Wewe nilikuwa nimeshamwambia mama habari zako."

 Nilimtafuta Athumani, nimtwishe kama nilivyozoea, na Athumani alikuwa maiti inayooshwa Ukunda.  Kisha nilisema, "Ufunguo nilikuwa nao shingoni, Hamisi. Nilikunyima, na nikakucheka. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema. Akachukua hamri moja, akalimega, akala. "Kanzu yangu imepigwa pasi, iko kitandani. Nisaidie kuivaa, tuwahi. Maziko ni baada ya adhuhuri."

Nilimpeleka. Nilimsukuma mwenyewe kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa marehemu, nyumba niliyoapa nisiikanyage, na mwanawe Athumani alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumleta. Wanaume walimchukua Hamisi wakaenda naye makaburini. Mimi niliingia ndani na wanawake, nikapewa kisu na beseni la vitunguu, nikamenya mpaka jioni nikimsikiliza mjane akimsifu mumewe.

Tangu wakati huo nakwenda Msambweni kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Hamisi ananikaribisha, ananimiminia chai, ananiuliza habari za kazi na za wanangu. Kila mara nasema lile lile, na kila mara ananijibu kwamba amesikia. Mimi kisasi nakijua nikikiona, nimekifanya maisha yangu yote, na huyu ananishinda kwa mbali kwa sababu hana haraka na hana chuki. Athumani alingojeshwa miezi sita. Mimi huu ni wa kumi na moja.